Muungano wa Kisovieti Haujavunjika Plum Fork

Wakazi wote wa Wilaya ya Shule ya Plum Fork, jimbo la Nebraska, wanajulishwa kwamba Muungano wa Kisovieti haujavunjika. Uamuzi huo ulipitishwa na Bodi ya Shule kwa kauli moja, Januari 1992, mara tu baada ya wajumbe kumaliza mchuzi wa nyama, maharage na pilipili pamoja na mikate ya mdalasini. Habari zinazotangazwa kwenye televisheni tangu Krismasi, kwamba nchi hiyo imesambaratika, zinatoka kwa watu wasio na ramani.

Sisi tunazo. Mwezi Agosti tulinunua ramani mpya ya ukutani kwa kila darasa, na katika kila moja nchi hiyo ipo, kubwa, ya rangi ya waridi, imetanda kutoka mlangoni hadi dirishani. Mkurugenzi wetu wa Elimu, Daktari Lyle Obermiller, aliieleza Bodi hali hiyo kwa utulivu wa mtu aliyesaini manunuzi yenyewe.

"Ndugu wajumbe," alisema, "mali ya umma haiwezi kupitwa na wakati kabla ya mwaka wa fedha kwisha. Tukiruhusu nchi moja ifanye hivyo, kesho zitafuata nyingine."

Hivyo ikaamuliwa kwamba, ndani ya mipaka ya wilaya, Muungano wa Kisovieti utaendelea kuwepo hadi tarehe thelathini Juni, ambapo suala lake litatazamwa upya pamoja na zabuni ya maziwa.

Utekelezaji nilikabidhiwa mimi, Wendell Pokorny, Msaidizi wa Mkurugenzi, Usafiri, Chakula na Mambo Yajayo. Kazi ilikwenda vizuri kila mahali isipokuwa kwenye chumba kimoja mwisho wa ukumbi, chumba cha hotuba.

Chumba hicho kilikuwa cha Bi Arlene Vrbka, aliyetutoka mwezi Novemba. Watu walimlia sana. Hata mimi nilimlia, nje ya saa za kazi. Alikuwa akiwafundisha watoto hotuba za papo kwa papo kuhusu mambo ya dunia, na alikuwa na desturi ya kumpa kila mtoto peremende ya mnanaa kabla hajasimama, akimwambia, "Itafune taratibu, dunia itakusubiri." Nilipoingia kuchukua nafasi yake, harufu ya mnanaa ilikuwa bado imo kwenye mapazia. Nilifungua dirisha, kisha nikalifunga tena upesi. Nadhani ilikuwa baridi.

Sasa, mashindano ya hotuba hizo ni kitu cha kutisha kwa mtu yeyote wa mipango. Mtoto anaingia chumbani, anachukua vikaratasi vitatu kwenye bahasha, kila kimoja na swali lake kuhusu dunia. Anachagua swali moja. Anapewa nusu saa akae na masanduku yake ya magazeti, asome, afikiri, kisha asimame mbele ya waamuzi aongee dakika saba bila karatasi mkononi. Swali halijui kabla. Jibu halijapitiwa na mtu. Nilipoelezwa nilikaa chini. Yaani kwa miaka yote hiyo wilaya yetu ilikuwa ikipeleka watoto hadharani kusema walichofikiri, asubuhi hiyo hiyo waliyokifikiri!

Niliunda mara moja Kamati ya Kuandaa Mapema Mambo ya Ghafla. Kamati ilikuwa na mimi, mkuu wa jiko na kocha wa mieleka. Tulipitisha majibu matatu yanayotosheleza maswali yote ya dunia: "Inategemea", "Ndiyo, lakini kwa uangalifu", na "Hilo ni suala gumu". Mkuu wa jiko alipendekeza la nne, "Hapana", lakini tukaona litaleta fujo.

Baada ya hapo tukayakagua masanduku. Bi Vrbka alikuwa ameyajaza vipande vya magazeti, nchi kwa nchi, kila kipande amekipigia mstari kwa wino wa kijani. Kwa mujibu wa uamuzi wa Bodi, tuliondoa kila kilichopingana na ramani.

"Bwana Pokorny," aliniuliza Marlys Hruska, "sanduku la Urusi limebaki na nini?"

Marlys alikuwa timu nzima ya hotuba. Wenzake walishahamia mpira wa kikapu baada ya mazishi. Yeye alikuwa bado anakuja kila siku baada ya masomo, anakaa kwenye dawati lile lile, na amevaa koti la kaka yake lenye harufu ya ng'ombe.

Nikachungulia. "Limebaki na tangazo la kofia za manyoya."

"Aa, basi niko vizuri. Nikiulizwa kuhusu uchumi wao nitasema masikio yana joto."

"Ukiulizwa kuhusu uchumi wao, utasema ni suala gumu."

"Kwa dakika saba?"

"Unaweza kulirudia."

"Bwana Pokorny, usinichekeshe, midomo imenipasuka kwa baridi."

Nilimweleza kwamba hali yake si ya kuchekesha. Daktari Obermiller alikuwa ametoa agizo: mashindano ya shule za jirani yangefanyika kwetu Jumamosi, na kama Plum Fork haingechukua nafasi ya kwanza, timu ya hotuba ingefutwa, na chumba cha Bi Vrbka kingepewa mieleka. Kocha wa mieleka, kama mjumbe wa Kamati yangu, alikuwa ameshakipima.

"Na nikisema nchi ile imevunjika?" Marlys aliuliza.

"Utakuwa umekiuka uamuzi wa Bodi. Timu itafutwa."

"Nikisema haijavunjika?"

"Utakuwa mtiifu."

"Na waamuzi watanichinja, nishindwe, timu ifutwe."

"Lakini kwa utaratibu," nikamwambia.

Aliniangalia kama mtu anayeangalia trekta lililowekwa magurudumu juu. Kisha akachukua lile tangazo la kofia, akalipigia mstari kwa wino wa kijani.

Jumamosi theluji ilianguka tangu alfajiri. Shule zilifika, watoto wamevaa suti za baba zao, wanajizoeza kwa kuongea na kuta za ukumbi kama ilivyo kawaida yao kabla ya kusimama. Asubuhi Marlys alipata maswali kuhusu Brazili na bei ya mafuta, mambo ambayo ramani yetu haina ugomvi nayo, akapenya hadi fainali. Mimi niliripoti hilo kwa Daktari kama mafanikio ya Kamati.

Ndipo likaja tatizo la waamuzi. Mmoja wa waamuzi watatu wa fainali gari lake lilizama kwenye mtaro wa barabara. Kwetu, mwamuzi akikosekana, mwenyeji hushika mtu yeyote mwenye pumzi, awe dereva wa basi au mama wa mtoto. Safari hii Daktari Obermiller alijitolea mwenyewe.

"Nitakuwepo kulinda uamuzi wa Bodi," alisema, akifunga kifungo cha koti.

Maswali ya fainali yalikuwa yametungwa na mwalimu wa shule ya jirani, mtu asiyehudhuria vikao vyetu. Marlys alichukua vikaratasi vyake vitatu, akavisoma, akanionyesha. Kimoja kiliuliza kama Urusi mpya italisha watu wake. Cha pili, kama jumuiya ya nchi zilizotoka humo itadumu. Cha tatu kiliuliza: Nani sasa anadhibiti silaha za nyuklia za uliokuwa Muungano wa Kisovieti?

"Kimenuka," nilisema. Halikuwa jibu lililopitishwa.

Marlys akafungua sanduku, akalitazama lile tangazo la kofia. Akatafuna kucha. Kisha akauliza polepole, "Bwana Pokorny, uamuzi wa Bodi ni chanzo halali cha kunukuu?"

"Ndicho cha juu kabisa."

"Basi nipe nisome."

Nilikuwa na nakala mfukoni, natembea nayo siku zote. Akaisoma mara moja. Akarudi kwenye mstari mmoja, akaweka kidole. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nami nikadhani analia, nikatafuta leso.

Nusu saa ilipokwisha alisimama mbele ya waamuzi: mke wa mchungaji kutoka upande wa pili wa mto, mfugaji nguruwe aliyewahi kuwa bingwa wa hotuba ujanani, na katikati yao Daktari Obermiller. Chumba kilijaa. Marlys alipanga miguu, akaanza.

"Dunia nzima inauliza nani anadhibiti makombora ya Kisovieti. Televisheni haijui. Maprofesa hawajui. Mimi najua, kwa sababu natoka Plum Fork."

Daktari akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Kwa mujibu wa Bodi yetu ya Shule, kikao cha Januari, Muungano wa Kisovieti unaendelea kuwepo ndani ya mipaka ya wilaya hii. Nje ya hapa haupo tena, kila mtu anakubali. Kwa hiyo ndugu waamuzi, kile kilichobaki chote kiko hapa. Kinaanzia kwenye ghala la nafaka la kina Jelinek na kinaishia kwenye daraja."

Mtu mmoja nyuma akakohoa kwa njia ya kucheka.

"Nchi haiwezi kuwepo bila kiongozi. Katika wilaya hii, kila kitu kinasainiwa na mtu mmoja. Kwa hiyo mwenye kitufe cha nyuklia ni Daktari Lyle Obermiller."

Mfugaji nguruwe aliangusha kalamu yake, akainama kuiokota, akakaa huko chini muda mrefu. Marlys hakutabasamu hata kidogo. Aliendelea hoja kwa hoja. Alichambua jinsi chama kinavyotawala kupitia jiko la shule, ambako foleni za mkate tayari zipo. Alichambua jeshi, akaonyesha kwamba timu ya mieleka inajitanua kuelekea mashariki, na chumba kinachofuata ni cha hotuba. Alitaka Marekani na Plum Fork zikutane haraka kuzungumzia amani, ikiwezekana kabla ya msimu wa kupanda mahindi. Dakika ya saba ilipotimia akasema ahsante, akakaa. Mke wa mchungaji alikuwa anajifuta macho na glavu.

Daktari alinivuta kando ukumbini, karatasi yake ya kura bado nyeupe.

"Wendell, mwenzangu mmoja kampa Marlys nafasi ya kwanza, mwingine kampa yule mshindani mwenye tai ya kipepeo. Kura yangu ndiyo inayoamua. Huyu mtoto amenitukana."

"Amenukuu Bodi, Daktari. Neno kwa neno."

"Nikimpa ya mwisho?"

"Utakuwa umesema nchi haipo. Na ramani umezisaini wewe."

"Nikimpa ya kwanza?"

"Utakuwa umekubali kwamba wewe ndiye rais wake."

Aliigeuza karatasi yake ya kura. Nje theluji ilikuwa inaendelea.

"Alisema nina makombora mangapi?"

"Maelfu, Daktari."

"Maelfu," alirudia polepole, akaiweka sawa tai yake. "Kwa kweli mtoto huyu amejiandaa."

Akampa nafasi ya kwanza. Chumba cha hotuba kikanusurika, na kocha wa mieleka akalipiga teke kabati.

Ningependa taarifa iishie hapo, lakini Plum Fork watu wanaongea. Jumapili hotuba ya Marlys ilirudiwa kanisani, baa, na kwa kinyozi. Jumatatu asubuhi niliona kupitia dirisha la ofisi wazee watatu wa klabu ya askari wastaafu wakishuka kwenye gari, wamevaa kofia zao za sherehe, mmoja amebeba chupa ya kahawa. Mkubwa wao, Mzee Elwood Sup, alipigana Korea na hapendi utani kabla ya chakula cha mchana.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Nani?"

"Mkomunisti."

Nikamwita Daktari. Alitoka akiwa anatabasamu kama mtu anayetembelewa na wapiga kura.

"Kijana," Mzee Sup alimwambia, "nimelala miaka yote hiyo nikimwogopa adui aliye ng'ambo ya bahari, kumbe yuko nyuma ya duka la mbegu. Tumekuja kupokea kujisalimisha kwako."

"Mzee wangu, ule ni uamuzi wa kiutawala tu..."

"Una makombora au huna?"

"Sina!"

"Kwa hiyo nchi haipo?"

Daktari akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Mke wa Mzee Sup ni mjumbe wa Bodi.

"Haipo," alisema kwa sauti ndogo.

"Sema vizuri, huyu mwenzangu sikio lake bovu."

"Haipo!" akapiga kelele, na makarani wote wakatoa vichwa milangoni.

Walimmiminia kahawa palepale kwenye ngazi, kama inavyostahili kwa adui aliyesalimu amri. Kisha wakasoma masharti. Chumba cha hotuba hakitaguswa. Vipande vya magazeti vya Bi Vrbka virudishwe sandukuni, vyote, na mimi nitavipanga kwa mikono yangu. Na Daktari Obermiller, kwa kuwa anapenda sana kuamua mambo ya dunia, atafika mazoezini kila Jumanne, achukue swali na kulijibu kama watoto wengine.

Jumanne hiyo nilikuta chumba kimejaa. Wachezaji wa mpira wa kikapu walikuwa wamerudi, wengine wamekaa kwenye madirisha. Nilikuwa nimemaliza kupanga masanduku usiku uliotangulia, na nakiri ilinichukua muda kwa sababu nilikuwa nasimama kusoma. Daktari aliingiza mkono kwenye bahasha, akatoa vikaratasi vyake, akakaa nusu saa na gazeti alilolishika juu chini. Kisha akasimama mbele yetu, mikono haijui pa kwenda.

Alitazama dari. Alinitazama mimi. Sikuwa na jibu lolote lililopitishwa.

"Sijui," alisema hatimaye.

Watoto wakaanza kucheka, lakini Marlys, aliyekaa nyuma na saa mkononi, aliwanyamazisha kwa kidole.

"Mwanzo mzuri huo, Daktari," alisema. "Bado dakika sita na nusu."