Kiti cha Daktari wa Meno

Jumapili, 26 Mei

Mkutano wa kikundi chetu cha wapenda magari, hapa karakanani kwangu. Watu kumi na mmoja, kila mmoja kakalia kiti cha gari kinachosubiri kushonwa. Ndiyo kazi yangu, kushona viti vya magari, na mjini humu hakuna anayenifikia. Nasema bila majivuno.

Ajenda moja: wikiendi ya tarehe nane tunakwenda kwenye uwanja wa mbio, ule ambao mtu wa kawaida huruhusiwa kuingia na gari lake la kawaida akalikimbiza mpaka roho itulie. Miaka minne nimeidai safari hii. Barua kwa wenye uwanja niliandika mimi. Simu nilipiga mimi, mara tisa. Nikatulia nikingoja Mwenyekiti, mwenye duka la mikate, anitaje kiongozi wa msafara. Hata ndevu nilikuwa nimenyoa.

Akamtaja Daktari wa Meno.

Wiki sita tu tangu aingie kikundini. Ana gari jekundu la milango miwili, linalonguruma kama simba anayesafisha koo. Watu wakapiga makofi. Mke wangu naye akapiga, na kwa nguvu. Tulipobaki wawili nikamuuliza makofi yale yalikuwa ya nini. Akasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikamwambia mimi siumwi. Akanitazama kidogo, kisha akaenda kuosha vikombe.

Jumanne, 28 Mei

Mwenyekiti kanipoza kwa kunipa kazi ya kugawa vyumba. Nimempigia simu mwenye nyumba ya wageni iliyo karibu na uwanja. Kaniambia chumba namba sita kiko peke yake huko nyuma kabisa, wageni wengi hukikataa. Hapohapo nikamwandika Daktari wa Meno. Mimi na mke wangu nikatuandika namba moja, mbele, mlangoni.

Mke wangu kaisoma orodha. Akasema kijicho hakijengi nyumba. Nikamjibu kwamba hatujengi, tunapanga tu. Nilidhani atacheka.

Alhamisi, 30 Mei

Daktari wa Meno kaja karakanani mwenyewe. Kaniamkia shikamoo. Nimemzidi miaka mitatu, basi. Marahaba ilinitoka kwa shida, kama mfupa wa samaki.

Anataka kiti cha dereva kishonwe upya kabla ya safari. Wakati napima, akaniuliza jino la mke wangu linaendeleaje. Jino gani? Kumbe Jumatatu alikwenda kwake kuzibwa, na hakusikia maumivu hata chembe. Meno ya mke wangu, na mimi ndiye wa mwisho kupata habari zake.

Alipoondoka nikafunga mlango. Nikakata sponji ngumu, ukubwa wa ngumi, nikaipachika ndani ya kiti, pale kiuno kinapoegemea. Hakuna binadamu atakayekata kona kwa kasi huku ngumi inamsukuma kiunoni. Juu yake nikashona ngozi, mshono mwembamba, umenyooka kama mstari wa daftari. Sijawahi kushona kitu kizuri namna ile. Kinachoniuma ni kwamba kazi bora ya maisha yangu nimempa yule.

Jumapili, 2 Juni

Tulikutana kwenye duka la mikate kukamilisha mipango. Daktari wa Meno akaomba kusema neno. Akaeleza kwamba miaka kumi na mmoja mgongo unamtesa kwa kuinamia vinywa vya watu. Amelala kwenye mbao, amekunywa dawa, amenyooshwa na mabingwa. Wapi. Sasa fundi huyu, bila kuambiwa, kamwekea kitu palepale panapouma, na siku tatu hizi anaamka kama kijana.

Wote wakanigeukia. Mwenyekiti akauliza nilijuaje. Nikasema ni uzoefu.

Nimepata oda sita papo hapo. Mtu mwingine angefurahi. Lakini nilisikia vizuri walivyoagiza. Hakuna aliyesema anataka kiti cha Fundi. Wote walitaka kiti kama cha Daktari.

Ijumaa, 7 Juni

Safari. Gari jekundu mbele, mimi mkiani. Mwenyekiti kasema nyuma panahitaji mtu mzoefu. Saa mbili nzima nikawa nasoma namba ya gari la mbele yangu. Kwenye njia panda nikakumbuka kuna njia ya mkato. Nikawasha taa ya kona, nikapiga honi wanifuate. Alinifuata mke wangu peke yake, kwa kuwa alikuwa ndani ya gari.

Ile njia ya mkato iliishia kwenye shamba la kuku. Mwenye kuku alitusaidia kugeuza. Tulipofika, wenzetu walikuwa wameshakula, wanachokonoa meno.

Namba moja imepakana na mapokezi, ukuta kwa ukuta. Simu inalia kama mtoto mwenye chango. Namba sita, huko nyuma, ina kibaraza kinachotazama uwanja wote wa mbio, mpaka kona ya mwisho. Nikamuuliza mwenye nyumba kwa nini basi wageni hukikataa. Akasema ni kelele za injini.

Kikundi kizima kilihamia kibarazani kwa Daktari. Mke wangu alibeba na kiti chetu.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi ukaguzi wa magari. Mkaguzi ni mama mmoja mwenye ovaroli na tochi, hana haraka. Akafungua boneti yangu, akainama, akaniita. Akataka kujua betri imefungwa na nini. Nikamweleza kwamba ule ni uzi wa kushonea viti, mizunguko minane, haukatiki. Akaushika, akasema ni uzi mzuri sana. Kisha akaandika HAPANA.

Magari matano yakaingia uwanjani. La kwangu likabaki kwenye nyasi, kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

Daktari wa Meno akatangaza kwamba yeyote anayetaka kuzungushwa aje. Wa kwanza kuvaa helmeti alikuwa mke wangu. Nikasimama kwenye uzio. Mizunguko mitano. Niliihesabu kwa vidole, mkono ukajaa. Aliposhuka alikuwa na uso ambao sijawahi kuuona. Siku ya harusi yetu alikuwa na mafua.

Ndipo Daktari akanijia, akasema, “Kaka, twende na wewe.”

Nikakataa. Halafu nikafikiri: nikikaa pembeni yake nitamkosoa kila kona, na watu wataona nani anamfundisha nani. Nikaingia.

Kona ya kwanza nilimwambia amechelewa kushika breki. Kona ya pili ushauri ulinipotea. Kona ya tatu nilishika mlango, nikaukosa, nikashika mkono wa shati lake, nikamwita mama. Mama yangu yuko kwake, mzima, hana habari.

Akapunguza mwendo hapohapo. Akaendesha kama aliyebeba trei ya mayai, akasimama upande wa pili wa uwanja, nyuma ya lundo la matairi, mahali pasipoonekana. Akanipa maji.

“Wagonjwa wangu wote hunishika hivyohivyo,” akasema. “Pumua kwa pua. Hatuna haraka.”

Tukakaa mpaka nikamaliza maji. Tuliporudi watu wakauliza kulikoni. Akawaambia injini ilipata moto, gari hili bure kabisa, bahati nzuri Fundi alikuwemo. Gari lake mwenyewe, alitukane kwa ajili yangu.

Kwa dakika nzima nilimpenda kama ndugu. Kisha nikafikiri: hata uungwana kanizidi.

Jumapili, 9 Juni

Kurudi nyumbani. Njiani mke wangu akaniuliza nini hasa kilitokea kule nyuma ya matairi. Nikamwambia. Sijui kwa nini. Labda uchovu.

Hakucheka. Akatazama barabara, akasema, “Mimi nilitaka kuzunguka na wewe. Safari nzima umemtazama yeye. Mimi hujanitazama.”

Nikamweleza na habari ya sponji pia, yote, mpaka ukubwa wa ngumi. Hapo ndipo alipocheka, akacheka mpaka ikabidi nisimamishe gari. Akafuta machozi, akasema wiki hii niende kwa Daktari nikaungame, kisha nitafute mkanda halisi wa betri, na mwakani tuzunguke sisi wawili.

Nikaahidi. Nilimshika mkono njia nzima, isipokuwa kwenye gia. Niliona kabisa kwamba nilikuwa mjinga. Nimeamua kubadilika.

Alhamisi, 13 Juni

Nimekwenda kliniki kuungama. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Lakini Daktari wa Meno akanitangulia. Anauza gari. Mgongo umepona na sasa anataka kuutumia, amenunua baiskeli. Kikundini anajitoa, na tayari amemwomba Mwenyekiti uongozi wa msafara nipewe mimi. Mwenyekiti amekubali. Nikamshukuru. Maungamo yakanitoka kichwani.

Nilitembea kurudi karakanani nikipiga mluzi. Kiongozi wa msafara, hatimaye. Miaka minne.

Saa kumi na moja jioni nilikuwa mlangoni nikizoa mabaki ya ngozi. Wakapita. Baiskeli kumi na nne, wamejipanga wawili wawili, wanacheka. Mbele kabisa, yeye. Mwenyekiti alikuwemo, tumbo na yote, akanipungia mkono. Mke wangu akatoka kutazama, akauliza baiskeli za kike zinauzwa wapi.

Nimekaa nikafikiri kwa utulivu, bila kijicho cha aina yoyote. Magari ni mambo ya watu wavivu. Barua ya kujiuzulu uongozi wa msafara nimeiandika na kuifunga kwenye bahasha. Pia nimegundua kwamba watu wale kumi na wanne hawana mwenyekiti, hawana katiba, wanaendesha tu. Kesho nitawapelekea mapendekezo yangu, pamoja na mpangilio mpya wa nani atangulie.

Baiskeli sijawahi kupanda. Nimejiandika wa kwanza.