Betri ya Shemeji Imekataa Kufa

Ndugu Meneja wa Kampuni ya Magari ya Umeme,

Natumaini wewe ni mzima. Mimi si mzima sana, na sababu ni betri yenu.

Mimi ni fundi wa magari. Gereji yangu iko nyuma ya kituo cha mafuta. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni dereva wa teksi. Aliponunua gari lenu nilimkalisha juu ya tairi kuukuu nikamwonya, wateja wakisikia, kwamba betri ile itakufa kabla hajaizoea. Nikaapa kwamba ikifika mwaka wa nne ingali hai, nitanyoa ndevu. Sasa ni mwaka wa nane. Juzi mteja wangu wa siku nyingi aliniangalia usoni akauliza, "Kijana, fundi mwenyewe yuko wapi?"

Malalamiko yangu ni haya:

1. Betri haizeeki kwa adabu. Niliipima kwa kifaa cha kuazima nikakuta imepungua nguvu kidogo tu, kama mtu aliyeota mvi mbili tatu. Nikakilaumu kifaa. Mwenye kifaa hatusalimiani tena.

2. Gari halina oili ya injini, halina plagi, halina ekzosi. Hata hivyo shemeji huja gerejini kwangu na shati jeupe, akaegemea mlango na kusema, "Nimepita kukusalimia tu."

3. Ugonjwa wenyewe unaambukiza. Mwanzoni alikuwa yeye na daktari mmoja wa meno. Leo muuza mayai analo gari kama hilo, mwalimu wa kwaya analo, na bibi harusi mmoja amefika nalo ukumbini kimya kimya hata mpiga picha hakumwona. Watu niliowahudumia tangu gasketi yao ya kwanza sasa wananipungia mkono tu wakipita.

4. Mama mkwe, ambaye nilikuwa nampeleka kliniki kwa moyo mmoja, amehamia kwenye gari la mwanawe, huyo huyo shemeji. Anasema kwenye gari langu alikuwa anashuka ananuka dizeli kuliko mimi.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mtume mtaalamu aidhoofishe betri hiyo. Sisemi aiue. Izimike mara moja tu, mchana, mbele ya gereji, watu wakiwepo. Kulisukuma nitalisukuma mwenyewe, bure. Na magari mapya yatoke kiwandani na betri zenye huruma. Hilo likishindikana, yawekeeni ekzosi ya mapambo, nipate cha kuchomelea.

Nisalimie wahasibu, walinzi wa getini na wote wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi mlalamikaji wako,
Fundi Bomba

N.B. Nikiwa njiani kwenda posta, gari langu limezima katikati ya barabara, mvua inanyesha. Shemeji amepita akanichukua, na hakucheka. Ndani ya gari lake kulikuwa kimya kiasi kwamba nimemsikia vizuri aliposema, "Shemeji, haya magari nayo yana breki, yana beringi, na siku moja yatazeeka. Nani atayashika kama si wewe? Mimi nilikuwa nasubiri uniulize."

Tafadhali puuza ombi langu la hapo juu. Niandikisheni kwenye mafunzo ya mafundi wa umeme, hata kama nitakaa na vijana. Na mkiwa na gari lililotumika, nitalichukua. Betri yake ikiwa nzee haidhuru. Hizo nazijua, hazifi.