Sentensi Laini ya Kumrudisha Godelieve

Jumatatu, 14 Mei 2001. Baraka.

Habari mbaya. Placide wa foni, yule mwenye redio ya kuitia watu wa mbali nyuma ya soko, amenisimamisha njiani. Mke wangu Godelieve yuko Kazimia kwa dada yake. Jumamosi dada anavuka ziwa kwenda kambi ya wakimbizi Tanzania. Godelieve atamfuata pamoja na mtoto wetu Eddy, asiposikia neno kutoka kwangu.

Neno gani? Ati nimuombe msamaha! Siku ile bunduki zilipolia, nilitangulia kukimbia. Basi. Nilitangulia ili nioneshe njia. Kweli, yeye alikuwa na mtoto mgongoni na gunia la unga mkononi. Mimi nilikuwa na godoro kichwani, na mtu mwenye godoro kichwani hageuki. Nilipogeuka hawakuwepo.

Sasa godoro lote ni langu. Silali.

Mpango: kesho darasa la sita watajifunza sentensi laini. Watanitengenezea ya kuombea msamaha, bila wenyewe kujua. Roger, mwalimu wa la tano, asijue. Anachekea puani.

Jumanne, 15 Mei.

Niliandika ubaoni: Mtu alikimbia. Bunduki zililia. Mke alibaki. Nikawaambia sentensi hizo zinagongana kama vichwa vya mbuzi. Ziungwe kwa "kwa kuwa", kwa "ingawa", kwa "ili". Sababu itangulie, ndipo neno kubwa lifuate, msomaji ateleze bila kujikwaa.

Wakainama, wakaandika. Arlette wa dawati la mbele akasoma yake: "Kwa kuwa Mwalimu aliogopa sana, alimwacha Mama Eddy njiani."

Hakuna aliyeshangaa. Kumbe wote wanajua! Nikampa tisa juu ya kumi. Sentensi yenyewe ilikuwa laini, na iliniuma.

Zile zisizonitaja nimeziunga zikawa moja. Ndefu, tamu, "nisamehe" iko mwishoni kabisa, kama nyama chini ya majani ya sombe. Roger alichungulia. Akanishauri nianze na "nisamehe", kisha ninyamaze. Ndivyo wanavyofundishwa darasa la tano! Nikamjibu kwamba hata mgeni hunawishwa kwanza, ndipo aletewe sahani ya bukari.

Jumatano, 16 Mei.

Nimempa Placide jogoo wangu wa mwisho, ndiyo malipo ya foni. Chumba kimejaa. Kila mtu anasikia mambo ya kila mtu, na askari ameketi mlangoni kuhakikisha hatuongei vita. Placide akaonya: betri imechoka, niseme kwa kifupi.

Godelieve akaitika. Sauti yake! Nilitaka kulia. Badala yake nikakunjua karatasi.

"Mama Eddy, ingawa wewe mwenyewe ulichelewa kufunga gunia, na kwa kuwa godoro lilinizuia kugeuka, na kwa sababu tangu utoto mimi ni mtu wa kushtuka, ili usije ukanifikiria vibaya..."

Betri ikafa. Bado nilikuwa na nusu karatasi. Watu wa kwenye benchi wakaguna kwa pamoja. Askari akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nimemaliza.

Kwa hiyo huko Kazimia kumefika nini? Kumefika kwamba yeye ndiye aliyechelewa. Ee Mungu wangu.

Alhamisi, 17 Mei.

Betri inachajiwa kwenye mashine ya kusaga. Sikufundisha vizuri. Watoto wameuliza kama Mama Eddy anarudi. Nikawapa zoezi.

Roger alikuwa na zamu ya foni ya kesho, azungumze na mama yake. Ameniachia mimi. Namshuku. Nani anatoa zamu ya foni bure? Nimeichukua. Tena nimefupisha sentensi: nimeondoa utoto wangu. Godoro limebaki.

Ijumaa, 18 Mei.

Hakuningoja nisome. Alianza yeye.

"Baba Eddy, boti iko inaenda kesho asubui. Sema neno moja tu. Mi niko nasikiliza."

Benchi zima liliinamia redio. Roger, pale mlangoni, aliniitikia kwa kichwa, yaani sema. Na neno nilikuwa nalo. Lilikuwa papo hapo kwenye ulimi. Nikabonyeza kitufe cha kusemea.

"Kabla sijalisema, uelewe kwanza kwamba lile godoro..."

Nikaachia kitufe nipumue. Kazimia haikujibu. Placide aliita, akaita tena. Mwisho mtu wa foni wa kule akasema yule mama ameshatoka, amebeba mutoto. Betri ilikuwa nzima.

Jumamosi, 19 Mei.

Boti imeondoka. Roger ameleta visamaki vya ndakala, tumekula pamoja. Hakucheka hata kidogo, afadhali angecheka. Aliosha sahani akaenda kwake.

Eddy alikuwa ameanza kutembea. Nimejuta. Nimejuta kwa sababu... hapana. Nimejuta tu.

Jumatatu, 21 Mei.

Mungu hajanitupa! Mama Dorothée, muuza mawese, anavuka leo kwenda Kigoma na atafika mpaka kambini. Karatasi amekataa, askari wanazichana. Lakini amekubali kubeba maneno yangu kichwani.

Nimemfundisha pwani tangu alfajiri. Akashika "ingawa" ya kwanza. Akashika ya pili. Kwenye "kwa kuwa" akapotea, tukarudi mwanzo. Akaniuliza, "Mwalimu, sasa mi nitamwambia nini?" Nikamwambia avumilie, inakuja, iko mbele kidogo.

Mwenye boti akawasha mashine. Mama Dorothée akapanda na madumu yake, midomo bado inarudia "ingawa, ingawa". Niliingia majini mpaka magotini nikimsomea yaliyobaki, lakini mashine ilipiga kelele, hakunisikia.

Mwenye boti yule hana subira. Angenipa dakika chache tu, sentensi ingekuwa laini kabisa.