Kabichi ya Kwenye Karatasi

Jumatatu, 4 Machi

Nimekubaliwa! Kuanzia leo mimi ni mtu wa sayansi. Kliniki ina utafiti wa wiki mbili kuhusu kahawa na presha, nami ni mshiriki namba kumi na saba. Kazi yangu ni kunywa vikombe viwili vya kahawa yao kwa siku, kuandika kwenye fomu kila ninachokula, na kupimwa. Kazi hii nimezaliwa nayo.

Presha ya leo: mia hamsini na sita kwa mia moja. Nesi alikunja uso. Nikamweleza kwamba ni uchovu wa ngazi. Akanikumbusha kwamba jengo halina ngazi.

Mama Watoto ametoa masharti. Kopo langu la kahawa amelifungia kabatini, chini ya mashuka. Presha ikishuka, kopo linarudi jikoni. Isiposhuka, kahawa ndiyo basi tena nyumba hii, na kopo atapewa jirani yetu, Mwalimu Mstaafu. Kwa nini yeye, kati ya watu wote? Eti kwa sababu presha yake ni nzuri. Naye yumo kwenye utafiti, namba kumi na nane. Anajaza fomu kwa rula.

Jumatano, 6 Machi

Hii fomu ina umbea. Umekula nini? Kiasi gani? Chumvi je? Jana mchana, kibandani nyuma ya ofisi: chipsi mayai, chumvi juu. Saa kumi: karanga za chumvi, pakiti mbili. Sasa yaandike hayo uone! Mama Watoto anaisoma fomu kila jioni, na anajua kwamba chipsi niliacha tangu mwaka juzi. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia.

Nimeandika kabichi ya kuchemsha, bila chumvi. Mchana, na saa kumi tena.

Kuhusu presha yenyewe, nina mbinu. Wakati wa kupimwa unabana pumzi na kufikiria mambo matulivu. Nilifikiria kahawa. Nesi akaniamuru nipumue kabla sijaanguka. Mia hamsini na nane.

Ijumaa, 8 Machi

Balaa. Nilifika kliniki fomu ikiwa tupu, siku mbili nzima sijaandika kitu, na Mama Watoto nimemwambia imebaki ofisini. Nikajaliwa. Mwalimu Mstaafu alikwenda msalani akaacha yake kwenye benchi. Maisha yake yote amekamata wanaonakili, na bado akaiacha! Nikanakili mstari kwa mstari, mbiombio.

Nesi aliisoma yangu, akairudia, kisha akaniomba nifungue kinywa. Nikashangaa. Kumbe nimeandika hivi: Jumatano jioni, uji mwepesi tu, meno ya bandia yananibana fizi.

Nikasema meno yenyewe nimeyaacha nyumbani. Akachukua kijiti akagonga moja moja, juu na chini. Yote yangu, na yote yamesimama imara. Kisha akaandika.

Nilipotoka, Mwalimu alikuwa anajaza fomu huku ameizungushia mkono nisione. Nimeumia. Mtu mzima na uchoyo wa namna hiyo!

Jumatatu, 11 Machi

Leo wameleta mizani. Hakuna aliyenitahadharisha. Nikachepuka kwenye foleni ya mlango wa pili, nia ikiwa kujibanza tu hadi mizani iondoke. Foleni ikasogea. Nikasogea nayo. Nikachanjwa chanjo ya mafua.

Nesi alinikuta nje nimeshika bega, akanipeleka kwenye mizani kwa upole kabisa. Kilo mbili zimeongezeka. Akauliza inakuwaje kwa mtu wa kabichi tupu. Nikamjibu kwamba kabichi za siku hizi ni nzito.

Ijumaa, 15 Machi

Siku ya hukumu. Daktari aliniita na kuomba Mama Watoto awepo. Hapo tu presha ilipanda yenyewe. Mia sitini na nne.

Daktari aliitandaza fomu yangu mezani, akaisifu. Hajawahi kuona mlo safi hivyo. Kwa hiyo, akasema, chumvi haihusiki. Mafuta hayahusiki. Kwa mtu huyu kimebaki kitu kimoja tu cha kushukiwa, nacho ni kahawa. Ikomeshwe, tone lisiguswe, na vidonge vianze leo.

Yaani! Kahawa inafungwa kwa makosa ya chipsi, na shahidi wa uongo ni mimi! Nilitaka kunyamaza. Lakini Mama Watoto alinishika mkono. Alimuuliza daktari kwa sauti ya chini kama nitapona.

Nikasema yote. Kibanda. Karanga. Kabichi ambayo sijawahi kuila. Mwalimu na meno yake. Daktari aliweka kalamu chini, akachukua nyingine, nyekundu, akamfuta namba kumi na saba kwenye orodha. Vidonge vimebaki palepale. Chumvi nikome. Kahawa ataizungumzia baada ya mwezi, akishaona fomu ya kweli.

Mama Watoto alitangulia hadi getini. Kisha akasimama.

"Baba Watoto, miezi minne nyumba nzima tunakula chakula kisicho na chumvi kwa ajili yako. Watoto wanalalamika, nawanyamazisha. Kumbe wewe chumvi yako unaifuata kibandani?"

Mimi nilidhani amesahau kupika tu. Nimeona aibu, aibu ya kweli, na nimemwomba msamaha palepale mbele ya mlinzi.

Jumapili, 17 Machi

Ukurasa mpya. Nimeapa kwa moyo wangu wote. Fomu ya mwezi huu anaishika Mama Watoto mwenyewe: ananiuliza, najibu, anaandika. Mwisho wa mwezi anaipeleka kwa daktari, na hapo ndipo kopo litaamuliwa. Naupenda utaratibu huu. Hauna ujanja.

Jana saa kumi nilikula karanga. Punje chache. Pakiti. Aliponiuliza jioni nikamwambia kweli tupu, bila kupunguza hata punje moja. Akaniangalia macho yamelainika, akasema huyo ndiye mume aliyeolewa naye. Nimelala nimetua mzigo mzima. Ukweli ni kitu kizuri jamani! Sijui kwa nini watu wanauogopa.

Asubuhi nimeitazama fomu alipokuwa anaoga. Anaandika kwa penseli.

Nimetoka dukani sasa hivi. Kifutio safi, cheupe, hakiachi alama.