Hatua ya Saba ya Kola

Jumamosi, 4 Mei
Kikao cha maarifa huria, ukumbi wa maktaba. Viti vya plastiki, chai ya rangi, watu ishirini na mmoja. Mkutubi ametueleza tena: kitabu chetu cha ushonaji kiko mtandaoni, kila fundi anaandika anachokijua, na yeyote yule anaruhusiwa kukisoma, kukinakili, hata kukisahihisha. Bure kabisa! Mpiga picha ametoa picha zake zote za cherehani huku anatabasamu. Watu wengine hawana uchungu na mali zao.

Mimi nimepewa sura ya kola. Haki yangu. Miaka ishirini na sita kwenye cherehani! Jumamosi ijayo tunachagua msemaji wa kikundi, atakayepanda jukwaani kwenye mkutano mkuu wa maktaba zote. Suti nimeshaishona. Ya kijivu. Mshindani ni mmoja tu, fundi wa ng'ambo ya barabara, mama wa makamo ambaye mtaa mzima unamwita Mkasi. Yeye kapewa vitundu vya vifungo. Vitundu!

Jumatatu, 6 Mei
Nimeshinda maktaba, nimeandika sura yangu. Hatua tisa, safi, zenye michoro. Kwa kweli hatua ni kumi. Ile ya saba nimeibana: kola ya chini lazima ikatwe ndogo kuliko ya juu, kwa upana wa punje ya mchele, la sivyo ncha zinabinuka kama majani makavu. Nimeandika zilingane.

Si uchoyo. Ni mkakati. Watu watashona, kola zitabinuka, watanikimbilia mimi, nami nitawaonyesha kwa upole mkubwa mbele ya mashahidi. Kura zote zangu! Mke wangu ameuliza kama nimeandika kila kitu. Nimemjibu kwamba nimeandika kila kilichonijia kichwani. Akauliza tena. Mwanamke huyu kazaliwa na shaka.

Jumanne, 7 Mei
Mkutubi kaniambia sura imefunguliwa mara mia moja na nne! Dukani hajaja mtu, ila mteja mmoja aliyetaka kupanuliwa kiuno cha suruali.

Jioni, balaa. Mpwa wangu, binti wa dada yangu anayekaa kwetu, karudi kutoka chuo cha ufundi anarukaruka. Chuo kimeanza kutumia kitabu chetu. Mtihani wao wa vitendo ni Ijumaa: shati lenye kola. Sura yangu ameikariri neno kwa neno. Mtihani huu alishaufeli mwaka jana. Akifeli tena anaondolewa chuoni, na dada yangu ameapa kwamba hapo habari ya ushonaji itakuwa imekwisha. Msichana anayelala na tepu ya kupimia chini ya mto!

Nikamdokezea kwamba kola ya chini aikate ndogo kidogo. Akacheka, akasema Mjomba asimtege, si ameandika mwenyewe zilingane? Ningemweleza ukweli. Lakini mke wangu alikuwa anamenya vitunguu hatua mbili kutoka hapo, na masikio yake hayana likizo.

Alhamisi, 9 Mei
Nimeamua kurekebisha kimyakimya. Maktaba saa nane mchana, kofia hadi kwenye nyusi. Mkutubi akanisalimia kwa sauti, ukumbi mzima ukageuka.

Nikafungua sura yangu. Hatua kumi! Ya saba ipo, imenyooka, mpaka punje ya mchele. Nani? Mkasi! Kaiandika alfajiri ya leo, na pembeni kaweka maelezo kwamba ameongeza hatua aliyoisahau fundi wetu mpendwa, tumwie radhi, umri nao. Umri! Nimemzidi mwaka mmoja tu! Damu ikanichemka. Nikafuta hatua nzima. Nikabonyeza hifadhi. Nikasikia raha ya ajabu kwa sekunde kama nne hivi.

Kisha nikamkumbuka mpwa wangu.

Nikataka kuirudisha. Umeme ukakatika. Mkutubi akatangaza kwamba anafunga mpaka kesho. Nikamwambia hili ni suala la kufa na kupona. Akauliza la nani. Nikasema la kola. Akanionyesha mlango. Simu yangu ni ya vitufe, haifungui chochote. Nyumbani nikakuta mpwa wangu ameshaondoka, leo watahiniwa wote wanalala bweni, na simu zao zimekusanywa.

Ijumaa, 10 Mei
Saa moja na nusu niko getini kwa chuo, mbio, viatu havifanani. Mlinzi akagoma, mtihani umeanza. Nikazunguka ukuta mpaka madirisha ya karakana, nikapanda juu ya tofali, nikaanza kumwonyesha mpwa wangu kwa vidole: juu kubwa, chini ndogo. Msimamizi akavuta pazia. Nimekaa kwenye tofali lile zaidi ya saa nne. Naandika wazi kwa kuwa hakuna anayesoma humu: nimejuta. Nilijiona mtu mbaya sana.

Akatoka saa sita. Amefaulu! Kola imelala vizuri kabisa. Nikamkumbatia, nikalia mbele ya mlinzi. Nikamuuliza alijuaje. Akanieleza, kwa adabu zote, kwamba kila sura ina kumbukumbu yake: nani kaandika, nani kafuta, saa ngapi. Chuoni ndicho kitu cha kwanza wanachofundishwa kusoma. Waliona jana kabla ya kunyang'anywa simu kwamba Mkasi kaongeza alfajiri, na Mjomba kafuta saa nane na dakika ishirini. Wakajaribu njia zote mbili kwenye vipande vya kitambaa, wakachagua ya Mkasi.

Darasa zima!

Jumamosi, 11 Mei
Kikao. Projekta. Mkutubi kaeleza uzuri wa kumbukumbu ya mabadiliko kwa kutumia mfano. Mfano ulikuwa mimi. Jina langu ukutani, kubwa kuliko mlango. Nikasimama, nikasema nilikuwa napima kama wanakikundi wako macho. Mpiga picha akacheka mpaka akajimwagia chai. Mkasi kachaguliwa kwa kura ishirini. Mimi nimepata moja, na ninamfahamu vizuri aliyenipigia.

Baadaye Mkasi akanifuata, akaniomba nimshonee kola ya gauni lake la jukwaani. Alisema hakuna anayezishona kama mimi, na hakuwa anatania. Nikakubali. Nimeguswa. Kidogo.

Jumapili, 12 Mei
Nimetafakari kutwa nzima. Nimeliona kosa langu, na nalikiri kwa moyo mmoja: nilitumia jina langu mwenyewe.

Sasa nimepewa sura ya zipu. Nimeazima simu ya mpwa wangu, nimeiandika yote, nimebana hatua mbili. Safari hii nimejisajili kwa jina la mke wangu na namba yake. Nani atamshuku? Hata kutunga uzi kwenye sindano hajui! Nilipobonyeza hifadhi, maandishi yakatokea kwamba ujumbe wa uthibitisho umetumwa kwenye namba hiyo, pamoja na nakala ya sura. Wana adabu kweli, watu wa maarifa huria.

Mke wangu ananiita kutoka chumbani. Kanitaja jina kamili, mpaka la babu. Bila shaka wamemtumia pongezi.