Choroko za Uzi wa Kijani

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimeingiza magunia ya choroko kwenye chumba cha dada cha kushonea. Mali yangu yote ya duniani imo humo, ukiacha pikipiki na saa ya mkononi. Dada ni fundi cherehani, ana sare za shule nzima za kumaliza, akauliza yeye sasa akae wapi. Nikamwambia biashara kubwa zote zilianzia pabaya. Akanuna. Lakini akachukua sindano, akanishonea midomo ya magunia yote kwa uzi wa kijani wa sare. Dada yangu huyo!

Binti yake, mpwa wangu, ana digrii ya uchumi na hana kazi. Namwita Digrii. Nimemchukua nimfundishe biashara ya mazao. Mimi shule niliiacha kidato cha pili kwa hiari yangu, ingawa barua aliandika mwalimu mkuu. Uchumi naujua hata hivyo: nunua watu wakikimbia, uza watu wakipanga foleni. Nimempa magunia matano yawe yake kabisa, ajifunzie. Moyo wangu huu utaniua.

Dada katoa sharti. Ikifika Jumamosi choroko bado zimo chumbani na binti hajapata la maana, anamtoa sokoni, anampeleka kwa shangazi yake akapokee simu hospitalini. Digrii aliniangalia tu, kama abiria anavyomwangalia dereva mwenye usingizi.

Jumanne, tarehe 4

Bei imelala chali. Kapita mpinzani wangu, Koti. Anaitwa hivyo kwa sababu huvaa koti hata jua likichoma bati. Alikuwa na bambo, kile kichuma cha kutobolea gunia. Akatoboa langu, akamwaga choroko kiganjani, akazipuliza, akasema ni nzuri sana, sema soko limeshiba. Akacheka kwa pua.

Haya. Nikaenda kwa kinyozi. Kichwani mwangu hakuna kazi siku nyingi, nanyolewa ndevu tu. Kinyozi huyu ukimpa siri asubuhi, mchana utasimuliwa wewe. Nikamnong'oneza kwamba wadudu wameingia mashamba ya juu, choroko mwaka huu hakuna. Nikamwapisha asitaje jina langu. Kaapa na wembe mkononi.

Jumatano, tarehe 5

Imeshika! Bei inapanda tangu alfajiri. Kila mtu ananunua. Nikampa Digrii siri ya ushindi, akatikisa kichwa. Wivu wa wasomi.

Saa nne, mama wa chai akanieleza, huku akinimiminia, kwamba wadudu ni jambo dogo. Daraja la njia ya juu limekatika! Malori yamekwama! Niliacha chai mezani.

Digrii akanishika mkono. "Mjomba, bei hii imepandishwa na maneno. Shamba halina habari. Tuuze leo."

Nikamwambia hauzi mtu hapa, daraja limekatika. Akaniuliza kama si habari zangu mwenyewe nilizompa kinyozi. Nikamwelewesha kwa upole: mimi nilitia wadudu. Daraja sikuligusa. Kama sikulikata mimi, basi limekatika lenyewe, na ni kweli.

Akajishika kichwa kwa mikono miwili. Nadhani ilimwingia. Kisha akaomba ruhusa afanye atakalo na magunia yake. Nikamruhusu. Mwanafunzi lazima aachwe aungue vidole.

Alhamisi, tarehe 6

Wengine wameanza kuuza. Woga tu. Mimi nanunua!

Koti kaja mwenyewe, mpole kama mgonjwa, kuniuliza kama nataka magunia matano. Nikamwonea huruma. Mfukoni sikuwa na kitu, nikamwachia pikipiki. Kaondoka nayo, koti linapepea nyuma. Magunia sikuyatoboa wala sikuyakagua. Choroko nzuri mimi naijua kwa harufu.

Ijumaa, tarehe 7

Malori. Barabara nzima malori, yote choroko.

Nikamkimbilia dereva wa kwanza, nikamuuliza darajani wamepitaje. Akauliza daraja gani, kwani njia ile ina mto? Nikamwomba afikiri vizuri. Akapandisha kioo.

Bei ya jioni siiandiki. Karatasi haijanikosea.

Jumamosi, tarehe 8

Dada mlangoni, mkasi mkononi. Magunia hayajatoka, yameongezeka. Nikaanza kumweleza habari za masoko ya dunia. Hakusikiliza. Aliinama kwenye magunia mapya, akavuta uzi.

"Mdogo wangu, haya si niliyashona mimi Jumatatu?"

Uzi wa kijani. Wa sare.

Digrii akasema aliyauza kwa Koti Jumatano, bei ikiwa juu kabisa. Hakujua kama yangerudi nyumbani, tena yakiletwa na mjomba wake. Na Koti, alipofikiri vizuri kwamba soko zima lilikuwa linanunua na msichana mmoja tu anauza, amempa kazi. Meza yake, kiti chake, anaanza Jumatatu.

Dada alikaa juu ya gunia akacheka mpaka mkasi ukamponyoka. Hospitali imefutwa.

Digrii hakucheka. Alikuwa ameshakodi ghala dogo kwa fedha zake, tukahamishia choroko huko, mama yake ashone. "Uza Jumatatu, mjomba, hata kwa hasara. Pikipiki niachie mimi, nitazungumza na Koti." Macho yalinitoka maji. Vumbi la magunia. Nikampa bambo langu la siku zote, lenye mpini wa pembe.

Sokoni sasa wote wanajua nani kamfundisha yule binti. Nimepita meza kwa meza kuwaambia.

Jumapili, tarehe 9

Nimekwenda kunyolewa. Kinyozi kafunga mlango, kashusha sauti. Choroko za juu zina wadudu! Malori ya juzi ndiyo ya mwisho!

Nikamuuliza kaipata wapi. Akasema ameapishwa, jina hataji ng'o. Anachoweza kusema ni kwamba ni mfanyabiashara mzito, akili nyingi, kipara, huja pale kwa ajili ya ndevu tu.

Simfahamu. Lakini huyo ni mtu anayejua kazi yake.

Kesho siuzi hata punje. Asubuhi namwahi Koti nimuulize kama anapokea saa ya mkononi.