Malalamiko Dhidi ya Mwenzetu Aliyejaza Fomu kwa Ukweli

Mabweni ya Wanawake, Jengo la Saba,
Chumba 412.

Mwalimu Mlezi Pei,

Kwa heshima na taadhima, mimi Qiu Manzhen, mwakilishi wa afya ya akili wa darasa letu (cheo nilichokipata kwa bahati nasibu ya kuokota vikaratasi, wala sikunung'unika), naomba umwondoe chuoni Tan Suyun, ninayelala naye chumba kimoja, kabla tabia yake haijaenea.

1. Tulipoletewa fomu ya afya ya akili kwenye simu, niliwatumia wote majibu: "hapana" mwanzo hadi mwisho, isipokuwa swali la kumi na saba, linalouliza kama unafurahia maisha. Watu thelathini na mmoja walimaliza kwa dakika mbili. Suyun alikaa nusu saa. Alikuwa anayasoma maswali! Kisha akaandika kwamba hapati usingizi na kwamba hulia bafuni. Nikamwambia, "We Suyun, majibu si nilikutumia?" Akanijibu, "Yale ni ya nani? Mimi nimeulizwa habari zangu."

2. Kwa jibu hilo tumenyang'anywa bendera ya Darasa Lenye Furaha, tuliyokaa nayo mihula mitatu.

3. Ulipompigia simu mama yake, maskini alipanda treni kutwa nzima, akatuletea bata mkavu na kutusihi: "Wanangu, huyu hana wazimu jamani, kachoka tu. Msimwambie mtu, nani atamwoa?" Tulimwapia. Mpaka leo nimewaambia watu wa jengo letu tu.

4. Anameza dawa hadharani, asubuhi, na uji wake, kama mtu mwenye presha. Tulimshauri kwa upole ahamishie vidonge kwenye chupa ya vitamini kama wenzake wanavyofanya. Alitucheka.

5. Hili ndilo zito. Siku hizi analala! Juzi alilala fofofo hadi asubuhi, sisi wenzake watatu wa chumba tukimsikiliza. Sasa wasichana wa vyumba vingine wanakuja kukaa kitandani kwake na kumwaga yaliyo moyoni. Hata Jiang Yuting, anayeongoza darasa kwa alama, mtu ambaye fomu yake haina doa, alilia pale mpaka chai ikapoa. Suyun akimaliza muhula huu hapa, fomu ijayo watu wataijaza baada ya kufikiri, na utajikuta na wagonjwa thelathini ambao leo, kwa mujibu wa takwimu zako, ni wazima kabisa.

Basi naomba utie sahihi ile likizo ya ugonjwa ya mwaka mmoja uliyokwisha kumwandalia, aondoke Ijumaa hii.

Wape salamu zangu walimu wote wa ofisi yako, Mama Geng mlinzi wetu, na hata darasa lililochukua bendera. Hatuna kinyongo nalo.

Mimi mwanafunzi wako mtiifu,
Qiu Manzhen

Nyongeza: Kama Ijumaa imeshapangwa, naomba iahirishwe hadi baada ya Jumatatu. Daktari ananiona Jumatatu, na Suyun ameahidi kunisindikiza na kunisubiri mlangoni hadi nitoke. Sijalala vizuri tangu Septemba, Mwalimu, na peke yangu sitathubutu kuingia. Tafadhali usimpigie mama yangu. Na ukiweza, usimwondoe Suyun hata baadaye. Nikitoka kule kwa daktari, sina mwingine wa kumwambia nilichoambiwa.